Carl Peters na Aibu ya Cheo: Uchambuzi wa Hukumu ya 1897

Katika historia ya utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki hakuna mtumishi wa umma aliyeanguka kwa kishindo kama Carl Peters, mtu aliyezunguka na mikataba katika bara la Tanganyika mwaka 1884, akaongoza msafara wenye silaha kutoka pwani ya Kenya hadi Uganda mwaka 1889, akateuliwa kuwa kamishna wa dola eneo la Kilimanjaro mwaka 1891, na miaka sita baadaye akafukuzwa kazi, akapoteza cheo pamoja na haki ya pensheni. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama maisha ya katili mmoja aliyevuka mipaka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha pembeni swali zito zaidi, yaani ni sheria gani iliyomhukumu, ilimhukumu kwa kosa gani, na kwa nini hukumu yenyewe iliweza kufutwa kidogo kidogo mpaka ikabaki karatasi tupu. Uchambuzi huu unashikilia kwamba Peters hakuhukumiwa kwa kuua. Alihukumiwa kwa kuwa mtumishi mbaya wa serikali yake, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kilichofuata.

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 huko Neuhaus, kando ya mto Elbe, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma historia na falsafa, akapata shahada ya udaktari mwaka 1879, kisha akaishi London kwa mjomba wake, ambako aliona utajiri wa himaya ya Waingereza na kuuonea wivu waziwazi. Hakuwa mwanajeshi kwa mafunzo, na jambo hili linafaa kukumbukwa kwa sababu wengi wa wenzake waliotumikia kampuni ya ukoloni na baadaye serikali walitoka jeshini: August Leue aliyewekwa Dar es Salaam mwaka 1887, Emil von Zelewski aliyepelekwa Pangani mwaka 1888, na Hermann Wissmann aliyekuja kuzima vita vya pwani na hatimaye kuwa gavana. Hao, kwa mabaya yao yote, walikuwa chini ya ngazi za amri na mahakama za kijeshi. Peters alifanya kazi ya askari pasipo sheria ya askari, na alipopewa ofisi ya umma aliikalia kana kwamba bado yuko vitani.

Tarehe 28 Machi 1884 alishiriki kuanzisha mjini Berlin chama cha ukoloni wa Kijerumani, na mwezi Novemba wa mwaka huohuo akatua Unguja pamoja na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Walivuka hadi Saadani na kuingia bara, na katika muda wa wiki chache walikuwa wamekusanya mikataba kadhaa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Utaratibu wenyewe ulikuwa uleule karibu kila kijiji: zawadi na pombe, kuchanjiana udugu wa damu, bendera kupandishwa, maandishi ya Kijerumani kusomwa mbele ya watu wasioielewa lugha hiyo, kisha alama ya mwenye mji kuwekwa chini ya karatasi na risasi kupigwa hewani. Mkataba unaokumbukwa zaidi ni ule wa Msovero wa tarehe 29 Novemba 1884, ambapo inaelezwa kwamba Mangungo, mtawala wa Msovero, aliitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa matumizi ya wakoloni wa Kijerumani peke yao. Siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, yaani tarehe 27 Februari 1885, Mfalme wa Ujerumani alitia saini hati ya ulinzi, ambayo maana yake ni kwamba chama cha watu binafsi kilipewa mamlaka ya kutawala nchi na kuhukumu watu kwa jina la dola.

Uzaramo, nchi iliyo kati ya bahari na bonde la mto Ruvu ambamo leo zimo wilaya za Kisarawe na Kibaha na kata kama Dutumi, haikuwamo katika mikataba ile ya kwanza. Uzaramo ilidaiwa baadaye na mawakala wa kampuni iliyotokana na chama hicho cha ukoloni, ambao walijenga vituo vidogo karibu na Ruvu, mto ambao Wazungu wa wakati huo waliuita Kingani, mahali kama Dunda na Madimola. Vituo hivyo vilikuwa na Wazungu wachache waliojaribu kulima na kuamuru, na havikudumu. Sultani Barghash alikuwa amepinga madai ya Wajerumani tangu 1885, hadi manowari zao zilipotia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti mwaka huo. Mrithi wake, Sultani Khalifa, ndiye aliyeikodisha pwani kwa kampuni mwaka 1888, na kampuni ilipojaribu kuichukua kwa ubabe, bendera ya Sultani ikishushwa na ibada za watu zikidharauliwa huko Pangani, watu waliinuka.

Vita hivyo, ambavyo kwa kawaida huitwa vita vya Abushiri, vilifika Uzaramo mapema. Tarehe 13 Januari 1889 kituo cha wamisionari Wabenediktini cha Pugu kilishambuliwa, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha. Dar es Salaam nayo ilikuwa ikishambuliwa. Kampuni ilishindwa kabisa, na serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao wakiwa Wasudani walioandikishwa Misri na watu wa kusini walioletwa kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kuanzia hapo utawala ulitoka mikononi mwa kampuni ukaingia mikononi mwa dola, lakini watu walioutekeleza walikuwa kwa sehemu kubwa walewale, na tabia walizojifunza vitani walihamia nazo bomani.

Peters mwenyewe hakuwapo pwani ya Tanganyika wakati huo. Mwezi Juni 1889 alitua karibu na Witu, akajipenyeza mbele ya manowari za Waingereza zilizokuwa zikizuia njia, na kupanda na mto Tana kwa kisingizio cha kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyekuwa amezingirwa na uasi wa Sudani. Msafara huo ulikuwa vita mwanzo hadi mwisho. Alipigana na Wagalla wa mto Tana, akapigana na Wamasai mwezi Desemba, akateka ng'ombe, akachoma maboma, na mwaka 1890 akamfikia Kabaka Mwanga na kupata mkataba mwingine. Emin alikuwa ameshaondoka zamani na mpelelezi Stanley, na mkataba wa Uganda ulikuwa karatasi bure, kwa maana tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kugawana: Witu na Uganda zikaachwa kwa Waingereza, na Ujerumani ikapata kisiwa cha Helgoland. Peters aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka 1891, na ndani yake alisimulia mauaji kwa fahari. Ni muhimu kuliweka wazi jambo hili, kwa sababu watetezi wake baadaye walidai kwamba serikali ilidanganyika juu yake. Serikali iliyompa ofisi mwaka 1891 ilikuwa imemsoma.

Cheo alichopewa kilikuwa cha kamishna wa dola eneo la Kilimanjaro, chini ya Julius von Soden, gavana wa kwanza, ambaye alikuwa raia na mwanadiplomasia. Kilimanjaro ya mwaka 1891 ilikuwa mahali pa hatari kwa mtawala mwenye pupa. Mangi (yaani mtawala) Sina wa Kibosho alikuwa ameshindwa na Wissmann mwezi Februari mwaka huo, Mangi Rindi wa Moshi alikuwa amefariki na mwanawe Meli ameshika nafasi, na Mangi Marealle wa Marangu alikuwa akijenga urafiki na Wajerumani kwa hesabu zake mwenyewe. Peters aliuhamishia utawala Marangu. Kisha habari zilifika kwamba mwezi Agosti Zelewski na kikosi chake waliangamizwa na Wahehe huko Lugalo, na inaeleweka kwamba kituo kidogo chenye Wazungu wachache kiliingiwa na hofu. Hofu hiyo ni ya kweli, na hakimu mwadilifu angeipima. Hata hivyo, haitoshi kueleza yaliyofuata.

Mwezi Oktoba 1891 Peters aliamuru mtumishi wa kituo aitwaye Mabruk anyongwe. Kosa lililotajwa lilikuwa wizi mdogo baada ya kuingia usiku katika nyumba ya kituo, ambapo miongoni mwa vitu vilivyodaiwa kupotea zilikuwamo sigara. Kituo hicho kilikuwa na wanawake wa Kiafrika waliowekwa pamoja na Wazungu, na ilisemwa na watu wa karibu kwamba kisa chenyewe kilikuwa uhusiano wa Mabruk na mmoja wao. Miezi mitatu baadaye, Januari 1892, alinyongwa mwanamke aitwaye Jagodja. Alikuwa ametoroka pamoja na wanawake wengine hadi kwa mtawala jirani, akarudishwa, akachapwa viboko, na mwisho akapelekwa kitanzini kwa madai ya kula njama na maadui. Mtu anayesoma mambo haya kwa utulivu huona tofauti kati ya adhabu na kisasi: Mabruk hakuwa amemuua mtu, na Jagodja alikuwa tayari ameadhibiwa kwa kosa lilelile la kutoroka kabla ya shtaka la ujasusi kuzuliwa juu yake. Wenyeji wengi wa pwani na bara waliokutana na misafara yake walimwita Mkono wa Damu.

Mwaka 1892 aliondolewa Kilimanjaro na kupewa kazi katika tume ya mpaka. Aliyemrithi, Luteni Albrecht von Bülow, aliuawa mwezi Juni mwaka huo katika vita na Mangi Meli. Uchunguzi wa ndani juu ya vile vifo viwili ulifanyika na kuisha bila mashtaka, na ofisi ya makoloni mjini Berlin iliona ni afadhali jambo hilo lisahauliwe. Lingesahauliwa, maana waliokufa walikuwa mtumishi na mwanamke wa Kiafrika, na waliokuwa na taarifa kamili walikuwa Wazungu wa kituoni ambao kila mmoja alikuwa na la kuficha.

Lililozuia kusahaulika ni siasa za bunge la Ujerumani. Tarehe 13 Machi 1896, August Bebel, kiongozi wa chama cha Wasoshalisti, alisimama bungeni na kumshtaki Peters mbele ya taifa. Katika hotuba hiyo alitaja barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Askofu Alfred Tucker wa Kanisa la Anglikana, akikiri kwamba alimwua mwanamke huyo kwa uzinzi kwa sababu alikuwa amemwoa kwa mila za Kiafrika na hivyo alikuwa na haki ya kumwua. Ukumbi ulitetemeka. Lakini barua hiyo haikuonekana kamwe, askofu hakuithibitisha, na Peters alikana kuiandika. Hapa pana somo la ushahidi ambalo wanaharakati wa kila zama wanapaswa kulizingatia: hoja moja dhaifu iliyochomekwa katikati ya hoja zenye nguvu iliwapa watetezi wa Peters silaha kwa miaka arobaini. Kila mara vifo vya Marangu vilipotajwa, walijibu kwa kuzungumzia barua. Ukweli ni kwamba barua haikuhitajika. Kunyongwa kwa Mabruk na Jagodja hakukuwahi kukanushwa na yeyote, hata na Peters mwenyewe, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba alikuwa na haki.

Kesi iliyofuata haikuwa kesi ya jinai. Sheria ya Ujerumani juu ya watumishi wa dola, ya mwaka 1873, iliweka mahakama za nidhamu, yaani mabaraza maalumu yanayopima kama mtumishi ametimiza wajibu wa kazi yake na kulinda heshima ya ofisi. Baraza kama hilo haliwezi kumfunga mtu wala kumtoza fidia kwa ajili ya ndugu wa marehemu. Linaweza kumkaripia, kumpunguzia mshahara, au kumfukuza. Mwaka 1897, kwanza katika hatua ya awali na tena katika rufani, Peters alipatikana na hatia ya kuvunja wajibu wake, na ilisemwa wazi kwamba ametumia mamlaka vibaya na kwamba taarifa alizowapelekea wakubwa wake hazikuwa za kweli. Alifukuzwa, akavuliwa cheo na akapoteza pensheni. Wakati huo alikuwa ameshahamia London.

Katika muundo wa kesi ya namna hiyo, mlalamikaji ni serikali na aliyedhurika ni serikali. Mabruk na Jagodja wanaingia kama mifano ya utovu wa nidhamu, mahali palepale ambapo katika shauri jingine pangetajwa hesabu za fedha zilizochezewa au barua za ofisi zilizofichwa. Hakuna aliyeulizwa kuhusu jamaa zao. Na kwa kuwa uovu ulitafsiriwa kama jambo kati ya mtumishi na bwana wake, bwana huyo alibaki na uwezo wa kusamehe peke yake, bila kumtaka ridhaa mtu mwingine. Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1905 Mfalme Wilhelm wa Pili alimrudishia Peters haki ya kutumia cheo cha kamishna mstaafu, mwaka 1907 mahakama ya Munich ilimtia hatiani na kumtoza faini mhariri wa gazeti la Kisoshalisti kwa kumkashifu, na mwaka 1914 Mfalme akampa posho ya uzeeni. Peters alifariki tarehe 10 Septemba 1918. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1937, Adolf Hitler aliifuta hukumu yenyewe kwa amri, na mwaka 1941 filamu ilitolewa ikimwonyesha kama shujaa aliyesalitiwa na wabunge. Hukumu ya jinai kwa mauaji isingekuwa rahisi hivyo kuifinyanga upya, maana ingeandika kwamba watu wawili waliuawa isivyo halali, na jambo hilo si mali ya mfalme kulisamehe.

Kuna, hata hivyo, athari moja ya kashfa hiyo iliyofika mpaka vijiji vya Uzaramo. Tarehe 22 Aprili 1896, wiki chache baada ya hotuba ya Bebel, Kansela wa Ujerumani alitoa amri iliyodhibiti adhabu kwa wenyeji wa makoloni. Hukumu ya kifo sasa ilihitaji idhini ya gavana, wanawake hawakuruhusiwa tena kuchapwa, na viboko kwa wanaume viliwekewa kikomo cha 25 kwa mara moja. Ni vigumu kuitenganisha amri hiyo na kesi ya Marangu, kwani kila kifungu kinagusa jambo alilolitenda Peters: kunyonga bila kuuliza, kumchapa mwanamke, kuchapa bila kipimo. Lakini kikomo kikishaandikwa hugeuka kuwa kiwango. Kote pwani, adhabu ya Wajerumani ilijulikana kwa jina la hamsa ishirini, kwa kuwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, aliona idadi iliyoruhusiwa kuwa ndiyo idadi ya kawaida. Kwa mkazi wa Dutumi aliyeshindwa kulipa kodi ya kibanda, ambayo Gavana Eduard von Liebert aliitangaza mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, aibu ya Peters ilimfikia katika umbo la fimbo iliyohesabiwa na kuandikwa daftarini.

Liebert huyo, jenerali aliyepewa ugavana, hakuwahi kushtakiwa kwa lolote, ingawa kodi yake ilidaiwa katika miaka ya njaa kali ya mwisho wa karne. Wala hakushtakiwa mtu kwa kunyongwa kwa Kibasila, kiongozi wa Kizaramo wa Kisangire, Kisarawe, aliyeukataa mpango wa kulima pamba kwa lazima na kuuawa wakati wa Vita vya Maji Maji. Kifo chake kilipita katika njia halali za serikali, zikiwa na mihuri yake yote. Mtu akiyaweka mambo haya sambamba na ya Marangu, huona kwamba kilichomponza Peters ni kukosa mihuri. Hili si kumpunguzia hatia hata chembe. Ni kukataa kuikubali hukumu ya 1897 kama uthibitisho kwamba utawala ule ulijua kujisafisha.

Huko Ujerumani, kumbukumbu ya Peters imekuwa ikibomolewa taratibu. Sanamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kusimamishwa Dar es Salaam mwaka 1914 haikufika kusimama mjini humo kwa sababu ya vita, ikaishia Helgoland mwaka 1931. Mjini Berlin, barabara iliyopewa jina lake mwaka 1939 iligeuzwa maana mwaka 1986 kwa kutangazwa kwamba inamkumbuka Peters mwingine, na hatimaye mwaka 2024, baada ya kampeni za miaka mingi, ilipewa majina mapya, sehemu moja ikiitwa kwa heshima ya Maji Maji na nyingine kwa heshima ya Anna Mungunda wa Namibia.

Tanzania ina deni lake la kumbukumbu pia, na ni deni la namna nyingine. Katika mazungumzo ya siasa nchini, kila mkataba mbaya wa madini, bandari au ardhi unapojadiliwa, jina linalotajwa kwa dharau ni la Mangungo wa Msovero, aliyeuza nchi asijue. Jina la Peters hutajwa kwa kupita, kama jina la mwenye kalamu. Aliyesomewa karatasi katika lugha asiyoijua, akiwa amezungukwa na bunduki na akiamini kwamba anafanya urafiki, ndiye aliyebeba fedheha kwa zaidi ya miaka 140, ilhali mtungaji wa karatasi hiyo alirudishiwa cheo akiwa hai. Haki kwa Mangungo inaanzia katika kuusoma mkataba ule kama ushahidi dhidi ya aliyeuandika: maneno kuhusu kutoa nchi yote na haki zote ni ya Peters, yametoka katika lugha yake na nia yake, na hakuna mzee yeyote wa Usagara wa mwaka 1884 ambaye angeweza kuyatamka, kwa kuwa ardhi aliyoisimamia haikuwa yake kuitoa.